Kulabu ya Ndizi kwenye Kabati la Serikali

Hebu mwone Skolastika anavyofika. Ni mwaka wa pili baada ya Azimio, jua la Musoma limesimama juu ya mabati, na yeye anapanda kipande cha barabara ya vumbi kuelekea kota za serikali kule Iringo. Sanduku la bati liko kichwani, kuku mmoja kwapani, na viatu vya harusi amevishika mkononi kwa sababu vinambana. Mbele yake anatembea mumewe, Clementi, karani wa ofisi ya serikali, suruali ya kaki imepigwa pasi ya mkaa, na kila baada ya hatua chache anageuka kuangalia kama mke yupo kweli. Skolastika ni mtoto wa wakulima wa pamba upande wa Bunda. Hajawahi kulala kwenye nyumba ambayo hamjui kwa jina mtu aliyeijenga.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na jiko. Na hilo jiko, ndugu zangu, tusidanganyane: ukiinama kupuliza mkaa, makalio yanagusa ukuta. Nusu ya nafasi ilikuwa imechukuliwa na kabati la vyombo, la mbao ya mvule, lenye milango ya wavu, na ubavuni limeandikwa namba kwa rangi nyeupe. Siku hiyohiyo alikuja bwana mmoja wa ofisi ya nyumba, akamwonyesha ile namba kwa kidole. Akamweleza kwamba kabati si la mumewe wala si la kwake, ni mali ya umma, na kwamba mpangaji aliyetangulia alilipigilia msumari wa kutundikia chujio, akahamishwa huku majirani wote wanajua sababu. Skolastika akaitika, ndiyo bwana, ndiyo bwana. Tangu hapo akawa analifuta lile kabati kila asubuhi kabla hata hajanawa uso wake mwenyewe.

Basi Clementi hakuwa mlevi, wala hakuwa mtu wa maneno. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, ndizi mbivu. Akitoka kazini lazima ale ndizi kabla hajavua viatu. Sasa hizo ndizi utaziweka wapi? Ukiziweka sakafuni, panya wanakutangulia. Ukiziweka juu ya kabati, za chini zinabondeka, zinageuka nyeusi, na maji yake yanachuruzika kwenye mbao ya umma. Kwenye kikapu zinasagana. Kwao Bunda mama yake angefunga kamba kwenye boriti ya paa, mambo yameisha. Hapa dari ni la serikali, ukuta ni wa serikali, kabati ni la serikali. Skolastika alikuwa akizihamisha ndizi kutwa nzima kama mtu anayebembeleza mtoto mwenye homa.

Jirani yake alikuwa Bhoke, mke wa askari polisi, mwanamke wa Tarime mwenye kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Huyo ndiye aliyekuwa akimtania. “Skola,” alimwambia siku moja kwenye ua, “ndizi zako zinaoza na mimi nina mdomo. Serikali haijakataza kumlisha jirani.”

Ndipo akaja baba mkwe.

Mzee Burito alitoka Butiama kuja kutibiwa kifua. Ujana wake aliumalizia mgodini Buhemba enzi za Mwingereza, na vumbi la kule lilikuwa limemkaa ndani, anakohoa mpaka anashika ukuta. Pale hospitali walimwambia atadungwa sindano kila asubuhi, na asikatishe hata kidogo. Alifika na mkungu mzima wa ndizi begani, akauweka kizingitini, akarudi nyuma, akakaa kwenye baraza.

Nikueleze kidogo, maana bila hili hutaelewa lililotokea. Kwa watu wa kule kwao Burito, mke wa mwana anaheshimiwa kwa umbali. Baba mkwe haingii chumba chake cha kulala, na jikoni kwake hakanyagi kabisa. Chakula atawekewa kwenye kigoda naye atageuza uso mpaka mwanamke aondoke. Sasa nyumba zile za kota, ukitaka kwenda chooni unapita ndani, unapita mlangoni pa jiko, unatokea uani. Mzee Burito hakupita hapo hata mara moja. Alizunguka nyumba kwa nje. Ilikuwa masika, na Skolastika alimwona kwa macho yake, akizunguka kwenye mvua na blanketi kichwani, anakohoa, kuliko kupita mlangoni pa jiko lake.

Mwanzoni Skolastika alimwonea huruma. Baadaye, na hili hakumwambia mtu, akaanza kumwonea haya. Wake za makarani wengine walitembelewa na wakwe wenye makoti na miwani. Wa kwake alikaa barazani miguu peku, akikunjakunja vipande vya waya alivyookota, ule waya mgumu wa kufungia marobota ya pamba. Wapita njia wakimsalimu, Skolastika huinamisha uso, akitamani mzee angekunja waya wake huko nyuma ya nyumba.

Asubuhi moja ya Jumamosi, Clementi akiwa kazini, Skolastika alifua nguo zake za ndani. Nje kulikuwa na mawingu na mzee, vyote viwili havifai kwa nguo hizo. Akafunga kamba jikoni, kutoka komeo la dirisha hadi komeo la mlango, akazianika humo zikidondosha maji. Akaegesha mlango, akachukua kikapu, akateremka ziwani Mwigobero kununua furu, wale samaki wadogo.

Aliporudi alikuta mgeni barazani, Mzee Kwangu, rika moja na Burito, mmoja wa baraza la wazee huko Butiama, amekuja mjini kwa shughuli zake na akapita kumjulia hali mwenzake. Skolastika akapiga goti, akawasalimu, akapita ndani, akafungua jiko.

Ndizi zilikuwa zinaning'inia.

Kwenye ule upenyo kati ya kabati na ukuta, nafasi ambayo haikuwahi kumfaa mtu isipokuwa buibui, palikuwa na kulabu ya waya. Juu ilikunjwa pana, ikaukumbatia ubao wa juu wa kabati kama mkono unavyoshika bega. Pale ilipogusana na mbao ilikuwa imeviringishiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, ili isichubue. Chini ilijipinda kwa juu, na kwenye huo mpindo vichane vya ndizi vimekaa kwa raha zao, havigusi ukuta, havigusi kabati. Hapakuwa na msumari wala tundu. Kazi safi kabisa.

Lakini Skolastika hakuiona kazi. Aliziona nguo zake. Kamba ilikuwa imesogezwa. Nguo zake za ndani, ambazo hata Clementi alikuwa akizipita macho yakiwa chini, zilikuwa zimekusanywa upande mmoja na mkono wa mtu. Na waya ule aliujua, alikuwa ameuona barazani mkononi mwa nani.

Ile aibu ilimpanda kwanza, hasira ikafuata nyuma yake ikimsukuma. Akatoka mpaka barazani, kikapu cha furu bado mkononi.

“Baba,” alisema, na sauti haikuwa ya mkwe. “Hata jikoni kwangu umeingia?”

Mzee Kwangu alikuwa anainua kikombe cha uji alioachiwa Burito asubuhi. Kikombe kikabaki hewani.

“Nguo zangu zimo humo,” Skolastika akaendelea. “Ungesema, ningetundika mwenyewe. Siyo kunivizia nikitoka.”

Kuvizia. Neno hilo likishatoka kinywani mwa mke wa mwana kwenda kwa baba mkwe, tena mbele ya mzee wa baraza, halirudi. Yeye mwenyewe alilisikia likitoka, akatamani kulishika, likawa limeshafika.

Burito hakujibu. Utasema, kwa nini asijibu? Kwa sababu mzee wa kwao habishani na mke wa mwanawe. Akisema mimi sikuingia, amekwisha kubali kusimama naye uso kwa uso na kuzungumza habari za nguo zake. Alimtazama mara moja, akaangalia chini.

“Burito,” akasema Kwangu taratibu, “umesikia anachosema huyu?”

“Nimesikia.”

Akashika fimbo yake, akakunja blanketi, wakaondoka pamoja kwenda stendi. Sindano zilikuwa hazijaisha.

Clementi aliporudi na kusimuliwa, hakufoka. Alivua kofia, akakaa. Kisha akauliza swali moja tu. “Baba yangu? Huyu anayezunguka nyumba kwenye mvua?”

Skolastika akasema waya ni wake, nani mwingine. Ndizi Clementi hakuzigusa siku hiyo wala siku zilizofuata, zikaiva pale kwenye kulabu bila kubondeka hata moja, nzuri, za manjano, mpaka Skolastika akazigawa kwa watoto wa kota ili asizione.

Bhoke wakati huo hakuwepo. Asubuhi ya Jumamosi ileile aliletewa habari ya msiba wa kwao Tarime, akaondoka na nguo alizovaa. Alirudi mwezi ukiwa umeandama, akaja moja kwa moja kumsalimu jirani yake, akachungulia jikoni, akacheka kile kicheko chake.

“Ala, kumbe imeshika. Mimi nilikuwa naogopa nimeiweka kichwa chini.”

Skolastika alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukatulia. “Umeiweka wewe?”

“Sasa nani? Mzee wako angeingia jikoni kwako, yule? Si angekufa kwanza?” Bhoke akakaa kwenye kibao, akasimulia kama mtu anayesimulia habari njema. Siku mbili kabla ya ule msiba alitoa kabati lake nje kulimwagia maji ya moto kwa ajili ya mende. Makabati ya kota ni pacha. Mzee akaja na kamba ya katani, akapima ubao wa juu, akakunja, akajaribu, akafungua, akakunja tena. Ile tyubu alimwomba Bhoke, ni ya baiskeli ya mume wake. “Akaniambia, mama, mimi huko siingii, wewe ni mwanamke, nitundikie. Na umwambie mwenyewe akirudi, asije akashtuka. Nikasema nitamwambia. Nguo zako nilizisogeza mimi, zilikuwa zinadondokea ndizi. Ndiyo nikawa natoka, nikaitwa msibani.” Akatazama uso wa mwenzake, na kicheko kikaanza kumpotea. “Skola. Kwani kumetokea nini?”

Skolastika akainua ungo, akaendelea kupepeta.

Watu wanadhani aibu ni ile ya kuchekwa. Ya Skolastika ilikuwa kinyume chake, alisifiwa. Habari ya kulabu ilienea kota nzima. Wanawake walikuja mmoja mmoja kuchungulia, wanaishika, wanaisukuma sukuma kidogo waone kama itateleza, wanainama kutazama mbao. Haijachubua, jamani. Nani kakutengenezea? Na yeye ilimbidi ajibu, baba mkwe. Nao wanasema, una bahati wewe, wa kwangu akija anakula tu anaondoka. Hata yule bwana wa ofisi ya nyumba alipokuja kukagua alipitisha kidole kwenye ubao wa juu, akatafuta kovu, akakosa. Akasema hii ndiyo kujitegemea yenyewe inayosemwa kwenye redio, akamwagiza ampongeze mzee. Skolastika akaitika, ndiyo bwana. Alipotoka yule bwana, akakaa sakafuni akajifunika kanga usoni.

Alimweleza Clementi ukweli, akilia. Akamwomba aende Butiama akaseme. Clementi alifikiri sana, akakataa.

“Neno limetoka kinywani mwako,” alisema. “Nikilibeba mimi, watasema nimekufunika. Nenda mwenyewe.”

Akaenda. Jumapili, na gauni la kanisani, na furu wakavu na kilo ya sukari kwenye kikapu. Njia nzima alikuwa anapanga maneno, anayapangua. Alipofika, mama mkwe wake, Nyamburi, alimpokea mzigo, akamkalisha jikoni kwake, akampa maji. Hakumwonyesha uso mbaya. Hilo lilimtisha zaidi. Alitegemea kufokewa, tena alikuwa akitamani kufokewa.

Akamwambia yote, ya Bhoke, ya kabati la nje, ya kamba ya katani. Nyamburi alisikiliza akiwa anachambua mboga.

“Najua,” alisema alipomaliza. “Mimi nimekaaga na huyu mtu tangu sina meno ya nyuma. Najua aliingia wapi na wapi hakuingia.”

Kisha akamweleza kilichotokea. Kwangu alilifikisha lile neno kwenye baraza, maana asingeweza kunyamaza, alilisikia kwa masikio yake. Wazee wakalipima. Ama Burito ameingia jikoni kwa mke wa mwanawe, basi atoe mbuzi na aonywe. Ama hakuingia, basi huyu mwanamke amemzulia baba mkwe jambo chafu, na mwanamke wa hivyo anarudishwa kwao, ng'ombe warudi, mwana atafutiwe mwingine. Wakamwita Burito. Wakamuuliza, uliingia au hukuingia?

“Akasema, niliingia,” alisema Nyamburi. Akatupa bua la mboga pembeni. “Mbuzi wakamla hapo hapo.”

Nyamburi akaendelea bila kumtazama. Zamani mtu akitaka kupeleka posa, mshenga alikuwa Burito, sehemu zote hizi, kwa sababu ya adabu yake. Sasa hawamwiti. Juzi kijana wa ndugu yake mwenyewe amepeleka posa Mugango, na alipewa mwingine aseme. Siku hizi kwenye pombe anakaa mlangoni, si kati ya wazee wenzake.

Upande wa pili wa ukuta wa udongo mtu alikohoa. Kikohozi kirefu, kile cha kushika ukuta. Kilipotulia, sauti ya Burito ikapita kwenye tundu la hewa.

“Mwanangu.”

“Abee, Baba.”

“Ile kulabu inashika?”

“Inashika, Baba.”

“Mbao haijachubuka?”

“Haijachubuka. Wamekagua.”

“Basi.”

Skolastika akapiga magoti akiuelekea ule ukuta. “Baba, mimi siku ile nili…”

“Mbuzi ameshaliwa,” ilisema sauti. “Acha hapo. Mume wako hajambo?”

Alimjibu hajambo, na machozi yalikuwa yanaingia mdomoni. Alikuja kutua mzigo, na mwenye mzigo amekataa kuupokea, kwa sababu ameshaubeba. Nyamburi akamwinua, akamfuta uso kwa pembe ya kanga, akamwambia atoke nje apate hewa, na asioneshe macho hayo kwa watu.

Uani watu walikuwa wanarudi kutoka misa, wengine wanakatiza kwenda kwa jirani kwenye pombe. Kati yao alikuwepo Mzee Kwangu. Alipomwona Skolastika alisimama, na wengine wakasimama naye. Wakati huohuo Burito alikuwa ametoka kwenye mlango wake, ameegemea fimbo, amekonda kuliko siku ile ya mkungu.

“Mke wa mwanetu,” alisema Kwangu, kwa sauti ya upole kabisa, sauti ya mtu mwema, “pole sana. Huyu mzee wako alikukosea. Tumemkanya, hatarudia. Na wewe umsamehe mbele yetu, tumalize.”

Vijana wawili watatu wakacheka chini chini. Mmoja akasema kitu kuhusu mzee na majiko. Burito hakuinua macho. Ila kichwa chake kilitikisika, kidogo sana, kushoto na kulia, kama mtu anayefukuza nzi, na Skolastika akaelewa anaambiwa nini.

Akisema ukweli, kesho yuko njiani kurudi Bunda, Clementi anabaki peke yake, na Burito anasimama mbele ya baraza kama mtu aliyewadanganya wazee mchana kweupe. Akisema nimemsamehe, anabaki na mume wake na nyumba yake na kabati lake lisilo na kovu, na yule mzee mgonjwa atazikwa na jina ambalo yeye Skolastika alimpa. Kwangu anasubiri. Wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, ungekuwa ndiye uliyesimama pale uani na gauni la kanisani, ungemjibu nini?